Uwanja wa Viazi na Maharage

Mimi ni mtu wa kushangaa haraka, nimezaliwa hivyo, lakini mshangao wa mwaka ule wa wakimbizi haujanitoka mpaka leo. Kwanza watu walivuka daraja la mpakani la Rusumo wengi kiasi kwamba barabara yenyewe haikuonekana. Halafu kilima tulichokuwa tukichungia mbuzi kikafunikwa na maturubai, nikaamka asubuhi nisikitambue. Nikadhani nimemaliza kushangaa. Kumbe mama yangu alikuwa bado hajaanguka chali mbele za watu, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Nilikuwa darasa la nne, na mchezo wangu mkubwa ulikuwa kupiganisha mbawakawa, wale weusi wenye pembe wanaojificha kwenye samadi chini ya migomba. Unawaweka wawili mbele ya kipande cha ndizi mbivu. Kila mmoja anakitaka peke yake, basi wanabebana kwa pembe mpaka mmoja aanguke chali, miguu ikipapasa hewani. Aliyeanguka chali ameshindwa. Uwanja wangu ulikuwa udongo mtupu, na niliuona unatosha kabisa.

Siku moja akaja msichana wa rika langu kutoka kambini. Mama alikuwa amemruhusu kuokota kuni shambani kwetu. Aliutua mzigo wake, akasimama kunitazama. Kihangaza chetu na lugha yao havipishani sana, kwa hiyo tulielewana.

"Huu ndio uwanja?" aliniuliza.

"Sasa ulitaka uwe nini?"

"Uwanja una majukwaa. Una mnara pia. Wakubwa kama hawa hawapigani kwenye vumbi kama kuku."

Nilikasirika, maana sikuwa nimemwomba ushauri. Yeye hata hakunijali. Alikata jani la mgomba, akalifuta vizuri, akalitandika juu ya ungo wetu wa zamani uliopasuka ukingo, kisha akauliza kama nyumbani kuna viazi vilivyobaki mchana. Vilikuwepo, vilikuwa vinangoja nguruwe.

Nikaona maajabu. Viazi vitamu aliviponda, akavijenga kuta za mviringo, na ndani ya kuta akakata ngazi kwa ukucha. Kwenye ngazi akaketisha watazamaji: maharage ya kuchemsha, mekundu upande huu, meupe upande wa pili, wakitazamana kama mashabiki waliokosana. Lango lilikuwa vipande viwili vya parachichi vilivyoegemezana. Juu ya yote akasimamisha mnara wa ndizi ya kuchemsha, na juu ya mnara punje moja ya haragwe, ambayo msichana alisema ni mkuu wa wilaya amekuja kufungua mashindano. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika. Kuanzia hapo tulijenga kila alipokuja, na kila uwanja ulizidi uliopita.

Ila alikuwa na sheria zake, na sheria zile zilinichosha. Udongo hauruhusiwi. Mikono inaoshwa kwanza. Mbawakawa hawakanyagi majukwaa, wanapigana katikati kwenye kipande cha jani lao, na mchezo ukiisha jani lile linaondolewa pamoja nao. Nilipotaka kupaka ukuta majivu upendeze, alinishika mkono kwa nguvu nikaumia. Jamani, mchezo gani huu wa kunawa mikono?

Na jioni, kazi yote ile ilimalizika kwa yeye kuubeba uwanja mikononi, kuni kichwani, kwenda kumwonyesha mdogo wake wa kike. Huyo mdogo alikuwa mtoto mwenye umri wa kuanza kusema vizuri. Aliugua tumbo njiani, na tangu wafike alikataa mahindi ya kambini. Mahindi yale ya njano yalikuwa magumu, mashine ya kusaga hakuna, na hata yakichemka kutwa nzima mtoto aliyatema.

"Amebaki mifupa," msichana aliniambia huku akipanga maharage, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba kisu.

Mama yangu alimsikia. Akamkaribisha ndani ale, msichana akajibu ameshiba. Akamfungia viazi apeleke kwao, akajibu kwao wote wameshiba. Mama yake alikuwa amemwonya kwamba siku akirudi na chakula cha kupewa mlangoni pa watu, atamrudisha nacho mbele ya kambi nzima. Walikuwa watu wenye ng'ombe kwao, na hawakuwa wamezoea kupewa. Hata kwetu mtoto wa kudoea alichapwa, kwa hiyo mama hakubishana naye. Lakini mtoto kurudi nyumbani na mchezo wake, hilo hakuna mzazi aliyewahi kulikataza.

Msomaji ameshaelewa. Mimi na akili zangu zote za darasa la nne sikuelewa, hata pale nilipomkuta mama jikoni akitia chumvi kwenye viazi vya uwanja na kuvipondaponda na karanga.

"Mama, ukuta unatiwa chumvi?"

"Ukuta usio na chumvi hausimami," alinijibu bila kugeuka. Na nguruwe wetu tangu hapo akawa anapata maganda tu.

Jumapili moja baada ya misa mama alinichukua kwenda soko la kambini kutafuta dumu. Tukakutana na msichana kisimani, akatushika mkono, ikabidi tufike kwao. Mama yake alitupokea kwa heshima zote mlangoni mwa turubai. Alikuwa mwembamba, mrefu, amejitanda vizuri kama anayetarajia wageni. Kwenye mkeka alikaa yule mdogo. Nilishtuka. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko shingo iliyokibeba, lakini macho yake yalikuwa maangavu, na alikuwa anakaa mwenyewe bila kushikwa.

Mgeni haondoki mikono mitupu, kwao na kwetu. Yule mama aliingia ndani, akatoka na ungo wetu uliopasuka ukingo, akautua mbele ya mama yangu. Ulikuwa uwanja wa jana. Majukwaa yalikuwa yameshaliwa. Ulibaki mnara na kipande cha ukuta.

"Ni kitu cha watoto," alisema, "lakini ndicho kilichopo. Karibuni."

Msichana aliinamisha uso. Mdogo wake aliutazama mnara, kisha akatutazama sisi. Hapo ndipo nilipoelewa. Tukila, tunakula chakula cha mchana cha yule mtoto. Tukikataa, tunamwambia mama yake usoni kwamba ni maskini.

Mama aliupokea ungo kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, na kitenge kile, akaweka vidole viwili kwenye paji la uso kama pembe.

"Kwetu uwanja hauliwi bure," alimwambia mtoto. "Ni lazima tupigane kwanza. Akishindwa mtu, mwenzake anachukua mnara."

Sikuwahi kumwona mama yangu akicheza. Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kigango, mtu wa kukemea watoto wanaokimbizana sakristiani. Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto alinyanyua kidole kimoja, polepole, akamgusa kwenye paji la uso. Mama akaanguka chali, puu, miguu ikipapasa hewani.

Yule mama mwingine alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yakamtikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka.

"Umeshindwa, dada," alisema mwishowe. "Sheria ni sheria."

"Nimeshindwa," alikubali mama, bado yuko chini.

Mtoto akauvuta mnara kwake. Kwao na kwetu mtu hakodolewi macho akila, basi mama yake akageuka, mama yangu akageuka na vumbi lake mgongoni, msichana naye akageuka. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimwona akiuma, akatafuna, akameza, hakutema. Ndipo na mimi nikageukia barabarani.