Mstari wa Msomaji

Kifungu alikwenda chuo kikuu kusomea sheria kwa sababu ya kiti. Nisiwadanganye, haki haikuwemo. Kilikuwa kiti cha ngozi, cha kuzunguka, ofisini kwa mjomba wake wakili, naye alikuwa akikikalia tangu ana miaka saba, miguu ikining'inia. "Soma, mwanangu, hiki ni chako," mjomba alikuwa akimwambia. Akasoma kweli, na kwa ubishi wake wa kunukuu vifungu vya sheria hata kwenye foleni ya chai, wenzake wakambandika hilo jina.

Mwaka wa tatu alipangiwa zamu kwenye dawati la msaada wa sheria la chuo, chumba chenye feni mbovu na mabenchi mawili. Huko ndiko alikoboronga. Karatasi ya mtu asiyejua kusoma huwa na mstari chini ya dole gumba lake: "Nimemsomea na kumweleza, naye ameelewa." Anayesaini hapo ndiye msomaji. Ofisini kwa mjomba mstari huo ulisainiwa huku watu wanapiga soga, na Kifungu alikua akiona hivyo. Basi alipokuja bibi mmoja na mwenye nyumba wake, mkataba umechapwa safi, Kifungu alisaini bila kumsomea. Alikuwa na njaa, na kantini ilikaribia kufungwa. Baada ya miezi miwili bibi alirudi, godoro kichwani. Mkataba ulisema atahama, naye amehamishwa.

Mwalimu wa dawati, mama asiyepandisha sauti, alimkalisha Kifungu mbele ya bibi. "Haya, msomee sasa."

Akasoma kurasa zote tatu. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kumbe kusoma kwenyewe ni muda mfupi hivi tu?"

Kifungu alilia kwa aibu, lakini maji yalikwisha kumwagika. Tangu siku hiyo masomo ya kampuni na hisa yalimtoka moyoni. Akachagua sheria ya kazi, sheria ya upangaji, na kila somo lenye watu ndani yake. Wenzake walimcheka kwamba anasomea umaskini. Acha wacheke.

Alipohitimu, mjomba alimwekea meza ofisini kwake. Aliikubali, maana mjomba ndiye aliyemlea, na kumkatalia mlezi si mchezo. Siku ya nne wakaletwa wafagiaji kumi na mmoja wa kiwandani, wakapangwa ukutani na sare zao za buluu. Karatasi ilisema wanaacha kazi ya kudumu kwa hiari yao, na kuanzia Jumatatu watakuwa vibarua wa wakala. Afisa wa kiwanda alikuwa ameshafungua kisanduku cha wino.

"Saini hapo kwa msomaji," mjomba alisema.

"Nikishawasomea."

"Walishaelezwa kiwandani."

"Mimi sikuwepo, mjomba."

Mjomba alimvuta pembeni, karibu na kile kiti. "Hiki kiwanda ndicho kinachoiweka ofisi hii mjini. Usinitie aibu mbele ya mgeni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu akikosea, mjomba, linavunjika guu la nani?"

Mzee alivimba. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti. "Ukiisoma hiyo karatasi, hiki usikiote tena."

Iliuma, tena sana. Alikipenda kiti kile kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Alikitazama mara moja, akachukua karatasi, akaenda kusimama mbele ya wafagiaji, akaanza kusoma. Kila sentensi aliisoma ilivyoandikwa, kisha akaisema kama watu wanavyosema. Alipofika penye "kwa hiari yao," akatua.

"Hapa inasema nyinyi wenyewe mmeomba kuacha kazi. Mmeomba?"

"Nani aombe?" alidakia mama wa mbele, ambaye dole gumba lake lilikuwa tayari na wino. Akalifuta kwenye aproni yake, taratibu, mpaka likatakata.

Afisa alifunga kisanduku kwa kishindo. Mjomba aliketi kitini mwake, akageukia dirishani.

"Bado ukurasa mmoja, mama," Kifungu alisema.

"Soma, mwanangu."

Kifungu akafunua ukurasa, akasoma akiwa amesimama.