Mashanza ya njia ya juu

Tangu Wabeleji waondoke, infirmier wetu, muuguzi wa hapa Kitshanga, ndiye daktari. Mlango wake haufungiki, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tunasikia magonjwa yote. Mwezi uliopita aliingia mama mnene, magoti yanamuuma.

"Mama, unakulaka hata kama hauna njaa?"

"Papa, tumbo inashiba mapema. Kichwa njo haishibe. Nikisikia harufu ya ndizi ya kuchoma ku soko, mukono inaenda yenyewe. Nakula mpaka hata utamu sisikie tena, na bado nataka."

Infirmier akagonga meza. "Usipite tena ku soko. Pita njia ya juu, kwa wachungaji wa ng'ombe."

Leo mama amerudi, amezidi kunenepa.

"Njia nilifwata, Papa. Lakini kule kila nyumba wananipatia mashanza, maziwa ya kuganda, na kukatala maziwa ya muntu ni kumutukana. Sasa kichwa inaniamsha mbele ya jogoo kuwika: twende kwa wachungaji!"

Infirmier akameza mate. Kisha akainama, akauliza polepole: "Na mashanza ya nyumba gani njo tamu kupita?"

Wasomaji, msimcheke yule mama. Benchi nzima tulisogea mlangoni tusikie jibu.