Vitambaa Nilivyokata Mimi

Mwaka wa vita, hospitali yetu, mwendo mfupi kutoka soko la Kariakoo, iliambiwa ijiandae kupokea majeruhi wengi kwa mpigo. Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi, elimu yangu darasa la nne, kazi kusukuma machela na kupiga deki. Sista mkuu alitufundisha tusianze na anayepiga kelele kuliko wenzake. Kila majeruhi afungwe kitambaa mkononi: chekundu, aingie upasuaji sasa hivi, cha njano, asubiri kidogo, cha kijani, akae benchi.

Vitambaa nilikata mimi. Vyekundu nilivitoa kwenye khanga kuukuu, vya kijani kwenye magauni ya upasuaji yaliyochakaa. Siku ya mazoezi mpishi wetu alijilaza sakafuni akijifanya kavunjika mguu.

“Ndugu, mguu umekatika vipande viwili unanipa kijani?”

“Lala, maiti haiongei,” sista akamjibu, tukacheka wote.

Vita havikutuletea mtu. Miezi michache baadaye, jioni moja, mpira ndio uliotuletea. Timu mbili kubwa za mjini zilicheza, mashabiki wakarushiana mawe na chupa. Nani alianza sijui, sikuwepo uwanjani, na walionieleza kila mmoja ana upande wake. Hata mimi ninao.

Walijaa mpaka barazani. Mazoezi yalitusaidia, hilo nalisema kwa haki: hakuna aliyekimbia ovyo, kila mtu alijua mahali pake. Daktari alipita akitaja rangi, nami nyuma yake nikifunga. Akamfikia kijana mmoja, kinyozi wa Mchikichini, aliyepigwa jiwe ubavuni. Hakutoka damu hata tone, lakini daktari alimbonyeza tumbo akasema, “Nyekundu, upesi.”

Kinyozi alikuwa na shati la kijani.

“Dokta, unanifunga nyekundu mimi? Wenzangu watanionaje?”

Nilimfunga, nikamwacha benchi angojee machela, nikaenda kwa mwingine. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Timu moja ya mjini ni nyekundu, nyingine kijani, mtoto wa chekechea anajua, na mimi mkasi mkononi sikulifikiria. Kumbe nilipowapa mgongo walibadilishana vitambaa benchi zima, kila mtu akichukua rangi ya timu yake.

Mimi na mwenzangu tukamsukuma mwenye kitambaa chekundu mpaka mlango wa upasuaji. Alikuwa mchuuzi wa Msimbazi, sikio limechanika kidogo, anawapungia wenzake kama bwana harusi. Alipoona muuguzi anakuja na wembe wa kumnyoa tumbo, akaruka kutoka kwenye machela.

“Jamani, mimi sikio tu! Hiki nimepewa na yule jamaa wa shati la kijani. Mkimbilieni, nilimwacha anatetemeka!”

Sijui alisema kwa huruma au kwa kuogopa wembe. Naandika yote mawili.

Nilikimbia. Kinyozi alikuwa mwisho wa benchi, kichwa kimelala begani kwa mtu, jasho la baridi, midomo imepauka. Waliokaa naye walidhani amesinzia. Nilimshika kwapani, nikashindwa kumnyanyua. Mchuuzi alikuwa amenifuata, akamshika upande wa pili bila kuambiwa.

“Simama, kijani,” alimwambia. “Ukifa leo nitamtania nani?”

Kwa saa nzima na zaidi nilikaa nje ya mlango wa upasuaji. Nilikuwa tayari kumwambia sista kwamba akifa, mkasi ulikuwa wangu. Daktari alitoka akisema bandama ilipasuka, wameitoa, na kwamba tungechelewa kidogo tu tusingemwahi.

Kesho yake nilimweleza sista yote. Hakunigombeza. Alisema rangi alizichagua yeye, nami bado naona tugawane lawama. Tangu siku ile tukaandika namba kwenye paji la uso kwa dawa ya zambarau, isiyovulika wala kubadilishwa. Hospitali mbili za jirani zilikuja kuangalia tunavyofanya.

Siku ya nne, saa ya kuangalia wagonjwa, mchuuzi alikuja na machungwa. Nilikuwa napiga deki chini ya kitanda. Walianza kwa salamu, wakahamia kwenye penalti, na kinyozi, ambaye juzi yake alikuwa anaomba maji kwa kunong'ona, alipaza sauti wodi nzima ikageuka.

“Haikuwa penalti! Refa wenu yule!”

Sista akaja mbio kumtoa mgeni nje. Mimi niliendelea kupiga deki palepale, ingawa pameshatakata.