Vikombe vya Mwanaanga

Wasomaji wangu, leo naandika nikiwa nimechanganyikiwa. Jana alifariki yule mzee niliyewahi kuwadokezea, rubani wa jeshi la majini aliyekuja kuwa mwanaanga, niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake Jumeirah Village Circle. Namlilia yeye, na sitawaficha, najililia mwenyewe pia. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel wangu, mdhamini wangu kisheria, na kibali changu cha kuishi Dubai kinakwenda naye kaburini. Nyumbani wananitegemea mimi tu, na sioni pa kushika.

Alikuwa na kosa moja ambalo sijaliona kwa binadamu mwingine. Akishakunywa chai, anaachia kikombe hewani, kisha anaendelea na mazungumzo. Angani vitu havianguki, na aliporudi duniani alivunja vyombo mpaka mkewe akamnyima vya udongo. Tabia hiyo ilimwisha, ikamrudia uzeeni akili ilipoanza kuchoka. "Sorry, dada, nilidhani kitanisubiri," ananiambia, nami nafagia vigae huku tukicheka. Mwishowe nilijifunza kukaa karibu na kudaka.

Siku moja nilimuuliza ndege inatuaje juu ya meli.

"Ukigusa sitaha tu, unaongeza moto wote wa injini."

"Sir, si unapunguza ndiyo usimame?"

"Hapana. Kuna waya sitahani wa kuinasa ndege. Ukiukosa na umeshapunguza, khalas, unaingia baharini."

Nimeiwaza kauli hiyo tangu jana. Sisi tuliokuja kutafuta huku, tukipata mwajiri mwema tunashusha pumzi na kuona tumeshafika. Kumbe maisha ya ukoo mzima yananing'inia kwenye pumzi za mtu mmoja, na ndiyo tunaita ajira. Inanitia uchungu, na inaniogopesha.

Jana mchana alikuwa ameushika mkono wangu. Akauachia hewani taratibu, kama vikombe vyake, na safari hii sikuwa na cha kudaka. Nilipompigia Mganda ninayeishi naye chumba kimoja International City, akaniambia, "Pole, dada. Lakini yalla, tafuta madam wa kukuajiri kabla visa haijakatwa. Utalia ukiwa njiani." Nilimkatia simu kwa hasira.

Leo namwelewa. Magurudumu yangu yamegusa sitaha na waya sijauona. Kesho naanza kubisha hodi kwenye milango ya watu, macho yakiwa yamevimba vilevile. Mzee wangu alinifundisha kwamba kugusa chini bado si kutua, na saa ya kuongeza moto ni hiyohiyo.