Bunduki Iliyonuka Kikaango

Juzi nilikuwa napita mtaa wa Mirongo nikitoka ibadani, nikamkuta mama mmoja anakaanga mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Harufu ya mafuta yale ilinisimamisha. Wewe labda ingekukumbusha chakula. Mimi ilinikumbusha bunduki ya babu.

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, viwanda vya samaki viliota ufukweni kwetu na sangara akawa dhahabu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na mafupa na mafuta. Mafuta hayo tulipikia, tukajipaka miguuni, tukawashia vibatari. Nyumba nzima ilinuka sangara, hata Biblia ya bibi.

Babu na bibi walinilea Kigongo, karibu na kivuko cha kwenda Busisi. Chini ya nyumba palikuwa na majaruba yetu ya mpunga, yaliyofika hadi kwenye maji ya ziwa. Jioni, tukila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, tulisikia viboko wakikoroma kwenye matete. Wakiingia jarubani, huna tena cha kuvuna. Babu alikuwa na bunduki yenye kibali, na kazi yake ilikuwa kupiga hewani tu ili viboko warudi majini. Hakuwahi kumwua hata mmoja. Alisema nao ni wa Mungu, ila wakale nyasi zao.

Msimu mmoja, masuke yakiwa yameanza kuinama, bunduki ikakataa. Babu alivuta kifyatulio, kikaenda taratibu kama kijiko kwenye asali, wala hakikurudi. Mlio haukutoka. Viboko walimaliza jaruba zima huku sisi tukipiga madebe.

Asubuhi akaja jirani. Alikuwa ameshauza shamba lake kwa mfanyabiashara aliyetaka ufukwe wote ajenge ghala la samaki, na sasa alikuwa mshenga wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kulipima shamba?"

"Aa, mzee wangu, nakuhurumia tu. Bunduki imezeeka, na wewe umezeeka. Uza, upumzike. Utavuna nini, na viboko wameshavuna?"

Bibi akadakia kutoka jikoni: "Mwambie bosi wako, viboko wanakula wanaondoka. Yeye akila haondoki."

Jirani akacheka, akaahidi kurudi shamba likishabaki majani matupu.

Babu alitandika gunia kando ya ukuta. Kwanza akatoa risasi zote, na bibi akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, hata bunduki ikiwa mbovu. Kisha akaanza kuutafuta ugonjwa. Akailaumu springi, akaichomoa, akaibonyeza, ikaruka hadi kwenye sufuria. Ilikuwa nzima kabisa. Akatafuta kutu, hakuiona. Akalaumu unyevu wa ziwa. Bibi, aliyekuwa akichambua dagaa, akasogeza pua.

"Mzee wangu, hii bunduki inanuka kikaango."

Babu akainusa. Mafuta ya bunduki yalikuwa yamemwishia, naye akaipaka ya sangara.

"Mafuta ni mafuta," akajitetea.

"Kwenye sufuria yakilala yanakuwa gundi. Humo ndani ulitaka yawe marashi?"

Babu mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Akaviosha vyuma kimoja kimoja kwa mafuta ya taa, utando wa njano ukibanduka kama ukoko wa uji. Akavifuta, akavianika juani, kisha bibi akamdondoshea mafuta ya cherehani yake. Babu akavuta kifyatulio bila risasi. Ta! Kikarudi.

Jioni, matete yalipoanza kutikisika, bibi aliomba kwanza, kwa ufupi, macho wazi. Babu akapiga hewani. Mlio ule ulizunguka ziwa, na viboko wakajitosa majini kama mawe. Jirani aliporudi alitukuta tunavuna majaruba yaliyobaki. Bibi akamjazia kikapu cha mpunga.

"Mpelekee bosi wako. Huu anaweza kuupata. Shamba hapana."

Leo babu na bibi wamepumzika. Bunduki ilirudishwa polisi pamoja na kibali chake. Matete yamefyekwa, na mkoromo wa viboko sijausikia miaka mingi. Amini usiamini, nao naukumbuka. Ghala lilijengwa kwenye shamba la jirani, likafungwa, sasa ni makao ya popo. Ila wanunuzi hawajaisha. Wanakuja na magari mazuri, wananiita mama kwa adabu, wananiambia umri unakwenda, niuze nipumzike. Namshukuru Mungu kwa subira aliyonipa, maana nawasikiliza mpaka mwisho na kuwapa maji ya kunywa. Kisha navua viatu, nachukua jembe, nashuka jarubani. Nao wanabaki ukingoni, wanaogopa tope.