Mchapaji wa Kitabu Changu cha Linux

Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia mbili, kompyuta ikaniambia hakina hata neno moja.

"Ukurasa mtupu." Nikibonyeza mbele, "Ukurasa mtupu." Nililia.

Naitwa Ritha, wa Iguguno. Presha ya macho iliniondolea uwezo wa kuona nikiwa na miaka ishirini na mbili. Laptopu yangu ina programu inayonisomea maandishi kwa sauti. Ila kitabu kile mtu alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na programu yangu haisomi picha.

Nilikihitaji kufa na kupona. Kulikuwa na ajira Singida mjini, kutunza kompyuta za ofisi zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Usaili baada ya miezi mitano. Vitabu vingine vya bure mtandaoni navyo vilikuwa vilevile, picha tupu.

Baba yangu, mzee Mughwai, mkulima wa alizeti, akaniambia, "Nimeongea na mwalimu Damiani wa sekondari. Kuna mtu atakichapa upya."

Kila Jumamosi baba akawa ananiletea flashi yenye kurasa kadhaa. Basi nikaanza kusoma. Na kutukana.

Maana huyo mchapaji alikuwa balaa! Amri ya Linux ukikosea herufi moja tu, mashine inagoma. Yeye penye herufi l anaweka namba moja. Nahangaika nusu siku.

"Baba, huyu mtu kilaza! Kasomea wapi?"

"Kakosea wapi, mama? Nitajie yote, nikamwambie."

Namtajia, na matusi juu. Wiki inayofuata makosa yale hayapo.

Mwezi Juni baba alianguka shambani akivuna alizeti. Hakuamka tena.

Baada ya matanga nikampigia mwalimu Damiani. Zilikuwa zimebaki sura mbili.

"Shikamoo mwalimu. Yule mchapaji wako mbona kimya?"

"Marahaba. Ritha, kwani hujui? Aliyekuwa anachapa ni baba yako."

Nikacheka. Baba aliishia la saba, Kiingereza hajui hata salamu.

"Alikuwa anakuja jioni akitoka shamba, anakaa kwenye kompyuta ya shule. Kidole kimoja, herufi moja moja, hajui anachoandika. Nikataka kumpa wanafunzi wamsaidie, akasema wana mitihani yao."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua ni yeye utamwonea huruma, hutamtajia makosa. Halafu utafeli."

Simu ikanidondoka.

Zile sura mbili sikuzisoma. Usaili nilifaulu, kazi ninayo, leo wiki ya tatu. Wenzangu wananipongeza, mimi roho inaniuma tu.

Ndugu zangu, mtu akikufanyia jambo likawa na kasoro, shukuru kwanza. Kasoro utamwambia baadaye.

Mimi kwa miezi minne yote, hata siku moja sikusema, "Baba, mpelekee huyo mtu asante yangu."