Usipa kwenye Mstari wa Kumalizia

Jamani, leo nimemaliza mashindano na hakuna aliyenisubiri.

Kuogelea, baiskeli, kukimbia. Mara yangu ya kwanza.

Ziwani nilikunywa nusu ya Nyasa. Cheni ikakatika, nikaisukuma baiskeli mpaka Lituhi. Kukimbia? Tuseme nilitembea kwa hasira.

Nafika ufukweni: utepe umetolewa, muziki umezimwa, watu wameondoka. Pale kwenye mstari, mama mmoja anaanika usipa.

"Mwalimu, zunguka! Utanikanyagia samaki!"

"Shikamoo, mama. Sijamaliza bado."

Akaniangalia weee. Akainama, akasogeza usipa kwa mikono, akanifungulia njia.

"Haya, maliza."

Nikapita. Akapiga makofi, peke yake.

Nimerudi chumbani, huku ugenini nilikopangiwa kufundisha sina wa kumsimulia.

Nipigieni makofi huko mliko, mama yule asibaki peke yake.